Bajeti Ihesabu Siku za Kazi

Kila msimu wa bajeti tunarudi palepale: kumlipa mkazi wa mtaani achimbe mtaro, je, ni ajira au ni msaada? Swali hili limenichosha, na ndiyo sababu ya toleo hili. Wakati tunabishana, ajira zenyewe zinapotea kwenye kitabu cha makadirio, miezi mingi kabla ya sururu ya kwanza kugusa ardhi.

Tazama Pugu, hapa Dar es Salaam. Ni nchi ya vilima, na masika yanapokolea maji hujichimbia njia katika barabara za mitaani. Kazi ya mitaro na makalavati ipo tele, na vijana wanaoamka kusaka kibarua wapo. Lakini mradi ukipitishwa kwa mita za mtaro na jumla ya shilingi tu, mkandarasi ataleta kijiko na watu wawili watatu wa kukiongoza. Simlaumu, hakuna aliyemwagiza kuajiri. Diwani aliyenyoosha mkono kuupitisha ndiye aliyepaswa kuuliza: fedha hizi zitazaa siku ngapi za kazi, na kwa nani?

Swali hilo liliwahi kuulizwa katika jiji hili hili. Katika miaka ya 1990, Hanna Nassif, Kinondoni, ilipata mitaro na njia zilizojengwa kwa nguvukazi ya wakazi, wanawake wakiwemo, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine. Jumuiya ya wakazi iliingia mkataba wa ujenzi. Mikono ilipangiwa kazi tangu mchoro ulipochorwa, na hapo ndipo siri ya mradi ule ilipo. Miaka kumi tu kabla ya hapo, chini ya Sheria ya Nguvukazi ya 1983, mtu asiye na kazi mjini aliweza kukamatwa na kupelekwa shamba. Kwa macho yangu, umbali kati ya sera hizo mbili ni mkubwa kuliko tunavyoupa uzito katika historia ya jiji hili.

Najua jibu la maofisa: kazi ya mikono inachelewa. Wakumbuke Oktoba 2021, fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), shilingi trilioni 1.3, zilipozinduliwa. Madarasa 15,000 yalitakiwa kukamilika kufikia Desemba, na mafundi wa kawaida wa mitaani ndio walioitwa kuyajenga. Kinachochelewesha ni idhini, si mikono, na Serikali ikitaka, idhini haikawii.

Makala ya pili ya toleo hili inatetea ujira mdogo wa ajira za muda za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa hoja kwamba ukiwa mkubwa, wenye uwezo watawasukuma maskini. Sikubaliani hata kidogo. Wanaoitwa kwenye kazi hizo ni walengwa, kaya zilizokwisha kutambuliwa kwenye mkutano wa mtaa na kuingizwa kwenye daftari. Mlango umeshafungwa, ujira mdogo unamzuia nani? Kwa shilingi 3,000 kwa siku, na ukomo wa siku 60 kwa mwaka, kaya inapata shilingi 180,000. Mama wa Pugu anayeacha genge lake la mboga kwenda kuchimba anaijua hasara hiyo vizuri kuliko mtaalamu yeyote.

Makala ya reli ya kisasa na vibarua wake isomwe na kila anayesubiri treni stesheni ya Pugu. Ile ya zabuni za vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu ina takwimu za kutosha, nimeiacha ijisemee.

Ombi langu ni dogo na linaweza kutekelezwa bila kusubiri sheria mpya. Mikutano ya mitaa itakapokaa kupanga vipaumbele vya mwaka ujao, kila mradi uandikiwe siku za kazi utakazotoa na ujira wake, na safu hiyo isifutwe mpaka ifike Baraza la Madiwani. Mhandisi atakayesema haiwezekani aandike sababu zake, nasi tutazichapa.