Barafu Iliyotunza Habari za Ukame

Mwezi wa Januari sisi wa Mpwapwa tunakuwa katika palizi ya mtama na uwele, huku tukitazama wingu. Mwezi huohuo, kule Antaktika, kusini kabisa mwa dunia, ni majira ya joto, ingawa joto lenyewe ni la barafu. Jua halitui, na mabingwa wa sayansi hufanya haraka kuchimba na kupima kabla ya baridi kuu kurudi.

Utauliza, hayo yatuhusu nini watu wa Ugogo? Yatuhusu, maana msafara wa namna hiyo umepata kuja Tanzania. Mwaka 2000, Januari na Februari, Bwana Lonnie Thompson na wenzake, kutoka kituo kinachochunguza ncha za dunia katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walipanda Kilimanjaro. Huku kwetu hakuna majira kama ya Antaktika. Walichagua kipindi kikavu kati ya vuli na masika.

Wapagazi walibeba mizigo hadi juu ya Kibo, ambacho kilele chake ni meta 5,895. Hewa ya huko ni haba. Mtu akiinama kufunga kiatu hutweta. Keekee ya kazi hii ni bomba lenye meno mwishoni. Linapozunguka, barafu huingia ndani yake, kisha hutolewa kama kigogo cha mviringo. Walitoboa mahali 6 mpaka mwambani. Tundu refu lilifika meta 51 hivi, fupi meta 9 na nusu tu. Kisha ikabaki taabu ya kushusha barafu katika joto letu na kuifikisha Ohio bila kuyeyuka. Ilifika salama.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu theluji huanguka tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hushika vumbi la wakati wake. Nchi ikikauka, upepo huinua vumbi jingi, nalo hutua juu ya barafu. Ndani ya vigogo vile walikuta mstari wa vumbi wenye unene wa sentimita 3 hivi. Walieleza kuwa ni alama ya ukame wa miaka yapata 4,000 iliyopita, uliodumu kama miaka 300. Hebu fikiri, msomaji! Wazee wetu walisimulia Mtunya, ile njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyoletwa na ukame pamoja na vita vya Wazungu vilivyokomba ng'ombe na nafaka. Ile ilikuwa miaka michache tu, na jina lake halijasahaulika.

Bwana Thompson na wenzake walikadiria kuwa barafu ya chini kabisa ina miaka 11,700. Mabingwa wengine wamebisha, wakisema huenda ni changa zaidi. Mimi naona ubishi huo ni mzuri, maana barafu haina tarehe iliyoandikwa juu yake.

Barafu yenyewe inaondoka. Mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2000 zilibaki kama 2 na nusu. Mwaka 2002 msafara ulitabiri kwamba itakwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu ingalipo, lakini ni mapande yaliyotengana. Ikiisha, habari zake zitasomwa katika vile vigogo vilivyotunzwa Ohio.

Wako wanaohofu kwamba mito ya Kilimanjaro nayo itakauka. Sivyo hasa. Maji mengi ya mlima ule hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, chini sana ya barafu. Anayekata miti ya msitu ule huidhuru mito kuliko jua linaloyeyusha barafu ya Kibo, na sisi tunaokaa chini ya milima ya Kiboriani hatuhitaji keekee kulielewa jambo hilo.