MAARIFA YA NYUMBANI: Ubao Mama Usihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Kompyuta imekwisha kuwa miongoni mwa vyombo vya nyumba, kama zilivyo redio na cherehani. Mtoto huandikia kazi zake za shule, mama huweka hesabu za duka, na baba huhifadhi barua na nakala za hati za kiwanja. Kwa hiyo siku swichi inapobonyezwa na kompyuta isiwake, nyumba nzima huingiwa na wasiwasi, na wasiwasi huo huwafanya wengi wakubali neno la kwanza watakaloambiwa: "Mazabodi imekufa." Neno hilo ni zito, kwa kuwa gharama ya kununua ubao mama mwingine mara nyingi huikaribia bei ya kompyuta nzima ya mtumba. Wapo wanaolipa, na wapo wanaoitupa mashine yao, ilhali ubao wenyewe haukuwa na kosa lolote.

Ubao mama ni kile kipande kipana chenye njia nyingi nyembamba za shaba, ambacho juu yake huchomekwa prosesa, ramu, diski na vyombo vinginevyo. Umeme wote na habari zote hupitia hapo, na ndiyo sababu kila ugonjwa wa kompyuta huonekana kama ugonjwa wa ubao. Fundi mwema hapigi ramli. Huanza nje akaelekea ndani, huondoa shaka moja baada ya nyingine, na ubao huushitaki mwisho, baada ya mashahidi wengine wote kusikilizwa.

Faraja moja yapasa itangulizwe. Diski inayohifadhi maandishi ni chombo cha peke yake, na kufa kwa ubao si kufa kwa diski. Aghalabu yaweza kutolewa na kusomwa katika kompyuta nyingine. Penye shida ni katika kompyuta za mapajani ambazo hifadhi yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao, au katika diski iliyofungwa kwa ufunguo wa siri. Hapo ufunguo ulioandikwa na kutunzwa mahali pengine ndio uokoao. Kwa hiyo mwenye kompyuta asikubali kamwe diski yake ifutwe ati kwa sababu mashine haiwaki.

Yawezekanayo nyumbani

Hatua za kwanza hazihitaji ufundi. Soketi ya ukutani ijaribiwe kwa taa au redio. Waya wa umeme ubadilishwe kwa mwingine ulio mzima. Kioo kichunguzwe, kwani mara nyingine kompyuta imewaka vizuri ila kioo ndicho kilichozimika. Iwapo feni zinasikika na taa zinawaka, swali si umeme tena, bali ni kwa nini hakuna picha.

Baada ya hapo waya wa umeme uchomolewe, na kompyuta ya mezani ifunguliwe ubavuni. Anayeingiza mkono aguse kwanza chuma cha sanduku ili umeme tuli wa mwilini ushuke, maana cheche ndogo isiyoonekana kwa macho yaweza kuua kidude ndani ya ubao. Vumbi liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu. Vijiti vya ramu vitolewe, meno yake ya rangi ya dhahabu yasuguliwe taratibu kwa kifutio cha penseli, mabaki ya kifutio yapanguswe, kisha virudishwe mpaka vishikizo vya pembeni vijifunge. Kompyuta nyingi zilizotangaziwa kifo zimefufuka kwa hatua hii peke yake.

Betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, nayo isisahauliwe. Aghalabu ni ya aina ya CR2032, yenye volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio wakati kompyuta imezimwa. Ikichoka, saa hurudi nyuma kila mara, na baadhi ya mbao hukataa kuanza sawasawa. Bei yake ni ndogo mno kulinganishwa na ya ubao mpya.

Jambo moja ni mwiko: kisanduku cha chuma kinachogawa umeme, yaani pawasapulai, kisifunguliwe na mtu asiye fundi. Ndani yake umo umeme wa kuua, nao hubaki kwa muda hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Ubao unaolia haujafa

Mgonjwa anayelalamika yungali hai, na ubao ni vivyo hivyo. Kompyuta ikiwashwa, hujipima yenyewe kabla ya kuonyesha picha. Na ikiona kasoro, hupiga milio au huwasha taa za onyo. Kutokana na tabia hiyo fundi hupata kipimo rahisi. Kompyuta ikiwa imezimwa na waya umechomolewa, ramu yote hutolewa, halafu huwashwa. Ikilia kwa kukosa ramu, basi umeme umefika, prosesa inafanya kazi, na sehemu kubwa ya ubao ni nzima. Kosa litafutwe kwenye ramu au kwenye kadi ya picha. Idadi ya milio na maana yake hutofautiana baina ya watengenezaji, kwa hiyo kitabu cha ubao huo ndicho kitakachotafsiri.

Hata hivyo, ukimya hautoshi kuwa ushahidi. Mbao nyingi za siku hizi hazina kipaza sauti, na hapana budi fundi achomeke kidogo cha kwake ndipo aseme kwamba ubao hausemi. Kadhalika yafaa ubao utolewe sandukuni na kujaribiwa juu ya kadibodi kavu, ukiwa na prosesa, feni yake na kijiti kimoja tu cha ramu. Skrubu moja iliyoanguka chini ya ubao, au nguzo ya chuma iliyowekwa pasipo mahali pake, yaweza kuunganisha njia mbili zisizopaswa kukutana na kuzuia kila kitu.

Umeme hupimwa kwa mita

Katika kompyuta za mezani za mtindo wa ATX, uliotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, rangi za waya husema volti zake: manjano ni 12, nyekundu ni 5, ya machungwa ni 3.3, na nyeusi ni ya ardhi. Waya wa zambarau hubeba volti 5 hata kabla ya swichi kubonyezwa, maadamu umeme umefika kutoka ukutani. Tofauti inayovumilika ni asilimia 5. Kwa hiyo waya wa manjano unaoonyesha chini ya volti 11.4 unakiri ugonjwa wa pawasapulai, si wa ubao. Baadhi ya viwanda hutumia mpango wao wenyewe, na fundi makini huulizia hilo kabla ya kupima.

Volti zikionekana wakati plagi imechomolewa kutoka ubaoni, kisha zikatoweka inapochomekwa, au feni ikizunguka mara moja na kusita, basi kuna mahali umeme unapotea njia. Hapo ndipo ubao, au kitu kilichochomekwa juu yake, huanza kushitakiwa kwa haki.

Kapasita zilizovimba

Kosa la ubao lionekanalo kwa macho kuliko yote ni la kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama karibu na prosesa. Kazi yake ni kutuliza mawimbi ya umeme. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Iliyokufa huvimba kichwani au huvuja maji ya kahawia. Kompyuta yenye ugonjwa huu hujizima ovyo, hujiwasha upya, au hukataa kuwaka kabisa.

Ugonjwa huu una historia. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kapasita nyingi mbovu ziliingia katika kompyuta za dunia nzima. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ya Marekani ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta zake za OptiPlex zilizokuwa na kasoro hiyo. Kampuni kubwa iliingia hasara hiyo kwa sababu ya vidude vya bei ya senti chache. Mbao za siku hizi hutumia zaidi kapasita ngumu zisizo na maji, lakini katika mashine za zamani, na ndani ya pawasapulai, zile za maji zingalipo, na joto huzizeesha upesi.

Kuzibadilisha ni kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu. Kapasita mpya iwe na ujazo uleule wa maikrofaradi, volti zilezile au zaidi kidogo, iwe ya kuhimili joto la nyuzi 105, na iwe ya aina iliyokusudiwa mbao za kompyuta. Upande wa hasi, ulio na mstari, usikosewe. Ikigeuzwa yaweza kupasuka. Alama za ubaoni haziaminiki peke yake, kwani viwanda vingine hutia rangi upande wa hasi na vingine upande wa chanya. Kwa hiyo picha ipigwe kabla ya kutoa cha zamani. Kadhalika ubao una tabaka kadhaa za shaba zinazonyonya joto. Fundi anayeivuta kapasita kabla lehemu haijayeyuka hung'oa njia za ndani, na ubao uliokuwa ukitibika huharibika moja kwa moja.

Maswali ya kumwuliza fundi

Mwenye kompyuta hana haja ya kujua kulehemu ili alinde fedha zake. Aulize kwa adabu: Pawasapulai imepimwa, na ilionyesha volti ngapi? Ramu nyingine imejaribiwa? Ubao uliwashwa nje ya sanduku? Kapasita zikoje? Fundi wa kweli hufurahia maswali hayo na kuonyesha alichokiona. Anayekasirika aghalabu hakupima chochote.

Iwapo vipimo vyote vimefanywa na ubao kweli umekufa, basi ukubaliwe kuwa umekufa, diski itolewe, na vilivyo vizima vitunzwe kuwa akiba. Ubao wenyewe usichomwe moto uani wala watoto wasipewe kuchezea, kwa sababu lehemu ya mbao nyingi za zamani ina risasi, na moshi wake ni sumu. Lakini kabla ya kufika huko, nyumba ikumbuke kwamba kupima ni dakika chache, na kununua ni mshahara wa siku nyingi.