Daftari la wiki: Igeuze baiskeli, usome namba

Jumatatu

Shinyanga baiskeli hailali nje. Giza likianza kuingia, vijana wetu wa daladala, wale wanaobeba abiria kwenye keria iliyowekwa mto, wanarudi nyumbani, wanafuta vumbi kwenye rimu, wanainua baiskeli kuvuka kizingiti na kuingia nayo chumbani. Kwenye nyumba za kupanga, ambako familia nzima ina chumba kimoja, baiskeli inasimama kati ya kitanda na ndoo za maji, na mtoto akitaka kupita anainama chini ya usukani. Asiyeijua hali yetu ataona ni kero. Lakini baiskeli mpya ni fedha ya kudunduliza miezi mingi, na hiyo moja ndiyo inayopeleka maziwa mjini, kuleta maji kutoka bombani, kubeba gunia la mkaa na kumkimbiza mgonjwa zahanati. Ikiibwa leo, kesho asubuhi kuna nyumba haina kipato.

Tangu mvua zikatike, mtaani kwetu zimeondoka kadhaa, nami nimekuwa nikiwatembelea waliopoteza. Wengi wanasimulia habari ile ile. Baiskeli haikuibwa gulioni, iliibwa nyumbani. Tena alasiri au saa ya magharibi, mlango wa mbele ukiwa wazi na wenyewe wakiwa uani wanapika. Mtu alipita, akaiona imeegemea ukuta wa korido, akarudi. Muuza maziwa mmoja aliingia ndani kunawa mikono tu. Alipotoka alikuta madumu yamefunguliwa kamba na kuwekwa chini vizuri, baiskeli haipo. "Kaka, hata maziwa hakumwaga," aliniambia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu lilionyesha kwamba mtu yule hakuwa na haraka hata kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kufuli na kabla ya cheni, iondoe machoni. Isimame mahali ambapo anayepita barabarani hawezi kuiona, hata kama umeingia kunywa uji tu.

Jumanne

Baiskeli nyingi za huku zina kufuli la duara kwenye gurudumu la nyuma, lile linalopitisha chuma katikati ya spoku. Kufuli hilo linamzuia mtu kuipanda na kuondoka. Halimzuii kuibeba begani mpaka kwenye pikipiki inayomsubiri. Ndiyo maana baiskeli inatakiwa ifungwe kwenye kitu kisichobebeka, na cheni ipite kwenye fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja, maana gurudumu la mbele linafunguka kwa spana moja. Wengi wetu tunafunga kwenye mguu wa kitanda. Kitanda cha mbao unakiinua kwa mkono mmoja, cheni inatoka kwa chini.

Mchomeleaji mmoja wa Ngokolo alinionyesha anachowatengenezea wateja wake. Ni kipande cha nondo ya milimita 12 kilichokunjwa kikawa na kichwa cha duara, miguu yake miwili imepindwa kwa nje ili zege likishaishika isichomoke. Unachimba shimo sakafuni, kina cha mkono hadi kiwiko. Unamimina zege la kipimo kimoja cha simenti, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, unaacha kichwa kitokeze kiasi cha kupitisha cheni, kisha unamwagilia maji wiki nzima kabla ya kufungia kitu chochote.

Alisisitiza jambo moja ambalo sikuwahi kulisikia kwa muuza makufuli: cheni iwe fupi, isiguse chini. Ikilala sakafuni, mwizi amepata mahali pa kuigongea nyundo, au pa kuegemeza mpini mmoja wa mkasi wa kukatia vyuma huku akiukandamiza wa pili kwa uzito wa mwili wote. Ikiwa imening'inia, anabaki na nguvu za mikono yake tu. Na kama nyumba ni ya tofali za tope, anakukataza kabisa kufunga kwenye nondo za dirisha, kwa sababu ukuta ukimwagiwa maji unalainika, na dirisha linatoka zima na fremu yake.

Mlango nao utazamwe. Kufuli la bei mbaya linaning'inia kwenye komeo lililoshikwa na skrubu za nusu inchi, na bisibisi tu inatosha kulifungua. Boliti ipite ubao wote, nati ikazwe kwa ndani. Ni kweli kwamba jiwe la fatuma likitua, mlango wa mbao laini unapasuka hata ungekuwa na komeo gani. Lakini fatuma lina kishindo, na kishindo kinaamsha majirani.

Jumatano

Baiskeli zilizoibwa zinakwenda wapi? Mwizi hana shida na baiskeli, ana shida na fedha, na fedha iko kwa mnunuzi. Baiskeli nzima inatambulika, kwa hiyo inavunjwa: rimu huku, keria kule, pedali, usukani, tairi. Fremu inapigwa msasa na kupuliziwa rangi. Kabla jua halijazama, baiskeli moja imeshaingia kwenye baiskeli nne za watu wasio na habari. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, inamhesabu anayepokea mali huku akijua ni ya wizi kuwa mkosaji, lakini tunaishi kana kwamba kifungu hicho hakipo. Tunahangaika na makufuli, kisha tunanunua rimu ya bei chee bila kumuuliza muuzaji hata jina lake. Naamini hapo ndipo wizi huu unapopata uhai. Kufuli linamchelewesha mwizi. Kukosa mnunuzi kunamfanya asianze kabisa.

Leo nimeshinda kwa fundi mmoja mwenye kijiwe chini ya mwarobaini, jirani na stendi. Pembeni ya pampu yake kuna kaunta buku iliyolowa grisi. Kila kifaa kilichotumika anachokinunua anakiandika humo: nani kakileta, anakaa mtaa gani, namba yake ya simu, na namba ya fremu ya baiskeli kilikotoka. Nikiwa benchini kwake akaja kijana wa miaka kama kumi na tano, ameshika gurudumu la nyuma, tairi bado lina vinyweleo vya upya. Fundi akalizungusha taratibu kwenye ekseli, akazitazama spoku.

"Baiskeli yenyewe iko wapi, mwanangu?"

"Nyumbani."

"Ilete basi, tuone kama hili ni lake."

Kijana akasema anaifuata. Tulikaa mpaka adhana ya magharibi, hakurudi. Fundi hakumpigia kelele wala hakumwita mwizi. Alichoniambia ni kwamba mtu ambaye baiskeli yake imekufa huja nayo yote, halafu ananung'unikia bei. Anayeleta gurudumu zima lenye tairi jipya na kukubali bei ya kwanza hajalitolea jasho. Gurudumu lile angeliuza kwa faida siku hiyo hiyo, na ana watoto wa kusomesha. Sijui wangapi kati yetu wangeliachia liende.

Alhamisi

Igeuze baiskeli yako kichwa chini. Pale ekseli ya pedali inapopita kwenye fremu, futa tope na grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Tarakimu zitajitokeza, zimegongwa kwenye chuma chenyewe. Baadhi ya baiskeli zina namba hiyo kwenye bomba la siti. Ipige picha pamoja na risiti, kisha mtumie ndugu anayekaa mbali, ili hata simu ikiibwa pamoja na baiskeli, picha ibaki. Halafu ongeza alama zako mwenyewe, mahali ambapo rangi mpya haifiki: herufi mbili zilizogongwa kwa panchi chini ya keria, nyingine kwenye rimu chini ya utepe unaokinga tyubu. Vua mpira wa kushikia usukani, sukuma ndani ya bomba kikaratasi chenye jina na simu, kikiwa kimeviringishwa kwenye nailoni, rudisha mpira.

Alama hizi zina kazi mahakamani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesema mara nyingi kwamba ili mtu atiwe hatiani kwa kukutwa na mali iliyoibwa karibuni, lazima mali hiyo iwe imekutwa kwake kweli, itambuliwe bila shaka kuwa ya mlalamikaji, iwe imeibwa hivi karibuni, na iwe ndiyo inayotajwa kwenye mashtaka. Na mwenye mali anatakiwa azieleze alama zake maalumu kabla ya kuonyeshwa. Ukifika polisi na kusema "ninaijua, ni Phoenix nyeusi," hujasema kitu, kwa sababu Phoenix nyeusi zimejaa mji mzima. Wapo walioliona kwa macho yao tandiko walilokalia miaka kumi, na bado wakaondoka mikono mitupu.

Alama hizo zinamlinda pia mtu wa pili, yule anayeshukiwa, na juu ya huyu sitaki kupita haraka. Sungusungu walianzia kwenye maeneo haya yetu ya Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakipambana na wizi wa ng'ombe wakati polisi walikuwa mbali. Mwano, ule ukelele wa hatari, ukipigwa, kila mwenye nguvu anatoka. Nimelelewa kwenye utaratibu huo, na ninauheshimu. Lakini mwano huo huo nimeuona ukigeuka mawe. Kijana alikamatwa jioni na baiskeli iliyosemekana ni ya jirani. Akapigwa mpaka akazimia. Mwenye kuibiwa alipofika mbio akaitazama baiskeli na kusema si yake. Ilimchukua pumzi tatu kuligundua hilo, na hakuna aliyekuwa amempa kijana nafasi ya kuvuta hata moja. Hakuna baiskeli yenye thamani ya roho ya mtu, awe ameiba kweli au hakuiba. Mtu akikamatwa, awekwe chini ya ulinzi, apelekwe kituoni, na baiskeli igeuzwe isomwe namba.

Ijumaa

Kwenye baiskeli za mtumba kutoka Japani, zile zenye kikapu mbele, angalia bomba la siti. Nyingi bado zina kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu. Kule sheria inamtaka mwenye baiskeli aiandikishe, na imekuwa lazima tangu 1994. Polisi akiikuta imetupwa kituo cha treni, anajua pa kuipeleka. Kwetu kibandiko hakina daftari la kukisoma, na watoto wanakibandua kwa kucha.

Jumamosi

Nimeitazama tena filamu ya Vittorio De Sica ya 1948 kuhusu wizi wa baiskeli. Roma, baada ya vita. Antonio anapata kazi ya kubandika mabango kwa sharti la kuwa na baiskeli. Mkewe Maria anaweka rehani mashuka ya kitandani ili waikomboe iliyowekwa rehani, na siku ya kwanza kazini inaibwa. Kinachonishika kila mara ni pale Antonio na mwanawe Bruno wanapofika soko la Piazza Vittorio, ambako baiskeli zinauzwa vipande vipande. Wanamkuta mtu akipaka rangi fremu. Wanadai kuiona namba, askari anaitwa, namba inasomwa, haifanani na yao. Ubishi wote unaishia hapo, bila mtu kupigwa.

Jumapili

Mkutano wa mtaa, chini ya mwembe. Hoja iliyoletwa: kila fundi wa baiskeli awe na kaunta buku kama ile ya mwarobaini, na baiskeli iliyotumika isiuzwe bila hati ya mauziano yenye namba ya fremu na shahidi.

Mzee mmoja akasimama kupinga, na ilibidi tumsikilize. Anakumbuka enzi za leseni ya baiskeli, kibati kimefungwa kwenye fremu, mgambo wamejificha njia ya gulio, asiye na kibati ananyang'anywa baiskeli na mzigo wake mpaka alipe. "Mkianza kuandika namba zetu leo, mwaka kesho mtazifuata na stakabadhi za ushuru," alisema. Kina mama waliuza kuku kulipia vibati vile. Mimi ninalitaka daftari hili, lakini neno lake ni la haki. Serikali iliandika baiskeli miaka yote ile kwa ajili ya kodi, na aliyeibiwa hakuona faida ya maandishi hayo.

Tukavutana mpaka jua likawa kali. Tulipofika: hakuna ada. Buku linakaa kwa fundi mwenyewe, haliendi ofisini, na anayeweza kulifungua ni mwenye baiskeli iliyoibwa akiwa na RB yake ya polisi. Mzee akauliza nani atahakikisha hivyo. Mwenyekiti akamteua yeye, naye akakubali baada ya kusihiwa. Mafundi waliohudhuria wameafiki, isipokuwa mmoja anayetaka kwanza aone wenzake wamefanya. Uandikishaji unaanza kesho saa mbili asubuhi pale kwenye mwarobaini. Njoo na baiskeli, risiti kama unayo, na kitambaa cha kufutia grisi.