Kwa Waziri mwenye dhamana ya ajira: tusaidieni kuwapokea wanafunzi wa fildi wenye ulemavu

Mheshimiwa Waziri,

Kila ikikaribia Julai, ofisi za utumishi katika kampuni za Dar es Salaam hupokea barua za utambulisho kutoka vyuoni kwa mafungu. Zote zinafanana: jina la mwanafunzi, kozi anayosoma, tarehe ya kuanza na kumaliza fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, mhuri wa chuo. Nimezipokea kwa miaka mingi, na sikumbuki hata moja iliyoniambia kwamba anayekuja haoni, au hasikii, au anatumia kiti cha magurudumu. Siwalaumu wanafunzi. Wanajua, nasi maofisa utumishi tunajua, kwamba mstari huo mmoja ungetosha kuisukuma barua chini ya rundo, kisha jibu litoke kwamba nafasi zimejaa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri, ingawa wengi wetu tunaikumbuka zaidi tukisikia wakaguzi wako njiani. Lakini ajira haianzi na tangazo gazetini. Mkuu wa idara akitafuta mtu wa kushika nafasi kwa haraka, wa kwanza kumjia akilini ni yule kijana wa mwaka jana aliyekuwa anawahi kazini na anajua mafaili yalipo. Aliyekosa fildi ya maana hana wa kumkumbuka. Tukisubiri hadi siku ya usaili ndipo tuulizane asilimia 3 iko wapi, tunawatafuta watu ambao tuliwafungia mlango wakiwa bado chuoni.

Waajiri wenzangu wanaogopa gharama, na mara nyingi wanaogopa wasichokijua. Ofisini kwetu aliwahi kuja mwanafunzi asiyeona, akiwa na kompyuta yake mpakato yenye NVDA, programu ya bure inayosoma maandishi kwa sauti. Ina hata sauti ya Kiswahili, ingawa inatamka kama mmisionari aliyeshuka melini juzi. Meneja wake alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya mashine ya nukta nundu. Haikuhitajika. Kilichomkwamisha kijana ni mafaili yetu wenyewe: mikataba, fomu za likizo na nyaraka za ndani zilikuwa zimeskaniwa, na karatasi iliyoskaniwa ni picha tu, programu hiyo haikuwa na cha kusoma. Tukaiagiza masjala imtumie nyaraka zilezile zikiwa bado kwenye Word, kabla hazijachapwa na kugongwa mhuri. Hatukutoa hata shilingi. Na sisi tunaoona tukafaidika, maana waraka wa zamani sasa unatafutwa kwa neno moja, hakuna tena kupekua jalada zima.

Si kila kitu ni cha bure. Mwanafunzi kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya alama, na mkalimani lazima alipwe. Hata hivyo hamhitaji kutwa nzima. Anamhitaji siku ya kwanza, kwenye mafunzo ya usalama kazini, kwenye kikao cha Jumatatu, na siku mhadhiri anapokuja kumkagua. Kazi nyingine nyingi zinakwenda kwa karatasi na WhatsApp, kama ambavyo nusu ya ofisi inavyofanya siku hizi bila kuwa na kiziwi yeyote. Tatizo ni nani amlipe mkalimani huyo. Chuo kinasema ni mwajiri, mwajiri anasema bajeti haina kifungu hicho, na mwanafunzi anaishia kukaa kikaoni akitazama midomo ya watu.

Inayoniudhi zaidi ni huruma. Mwanafunzi wa upimaji ardhi mwenye ualbino anapelekwa kutoa fotokopi kwa wiki nane “kwa usalama wake”, wenzake wako saiti na vipimo. Alichohitaji ni kuanza kazi saa 12 asubuhi, kofia pana, shati la mikono mirefu, maandishi makubwa kwenye skrini na mafuta ya kuzuia jua, na mafuta ya Kilisun yanatengenezwa hapahapa nchini, Moshi. Kwenye ripoti yake ya fildi ataandika nini? Kwamba aliijua mashine ya fotokopi vizuri?

Mheshimiwa Waziri, ninachoomba ni mtu wa kumpigia simu na fungu la kulipia. TaESA, wakala wa Serikali wa huduma za ajira, tayari inawaunganisha watafuta kazi na waajiri. Iwekeeni dawati la fildi kwa wanafunzi wenye ulemavu, lenye ofisa anayeweza kufika kazini kwetu kabla ya mwanafunzi kuanza, akaangalia ngazi, choo na mafaili, akatuambia kipi kibadilike na kipi tuache. Chama cha Viziwi (CHAVITA), Chama cha Wasioona na shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu (SHIVYAWATA) wana watu wanaoyajua mambo haya kuliko mshauri yeyote wa kukodi. Na swali la mahitaji yake aulizwe mwanafunzi akishakubaliwa, faragha, ajibu apendavyo, lisiwekwe kwenye barua ya maombi.

Fedha zipo. Kila mwezi tunailipa TRA tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, iliyoshushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Kwa mwajiri huo ni mzigo unaoumiza, na wengi hawajui unarudi vipi kwao. Tengeni sehemu yake ilipie mkalimani, mteremko wa zege mlangoni, na nauli ya bajaji kwa kijana ambaye daladala haimsubiri apande. Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2003, ilimruhusu mwajiri binafsi aliyerekebisha jengo au kuleta huduma maalumu kwa ajili ya wafanyakazi wenye ulemavu aombe kupunguziwa, kwenye mapato yanayotozwa kodi, nusu ya gharama hiyo. Sisi tunaweza kwenda mbali zaidi, kwa kuzihesabu na gharama za wanafunzi wa fildi.

Nina tahadhari moja, na wenzangu watanikasirikia. Msituruhusu kuwaingiza wa fildi kwenye ile asilimia 3. Tutafanya hivyo bila aibu: kila Julai tutajaza wanafunzi wasiolipwa, tupige picha, kisha tuseme sheria imetimizwa. Wahesabiwe kwenye safu yao peke yao, na pembeni iandikwe wangapi kati yao waliajiriwa baadaye.

Na fedha hizo za SDL zitoke kabla mwanafunzi hajaripoti. Fildi nyingi ni za wiki nane hivi; fedha ya mkalimani ikiingia Novemba, mwanafunzi wa Julai ameshafanya mtihani wa fildi na kurudi chuoni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Afisa utumishi wa kampuni binafsi,
Dar es Salaam