KIKOHOZI CHA SIKU YA KWANZA NI REHEMA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

  Jambo la leo halichagui dini.

Leo nazungumzia sigara ya kielektroniki, ile vijana wanayoiita vepu. Hukumu yake nitaieleza huko mbele. Nataka kwanza tutazame jinsi kijana anayeanza anavyofundishwa kuirekebisha ili aivute vizuri, kwa sababu humo ndimo mtego ulimotegwa.

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Isha hapa Makambako, walinijia vijana wawili. Mmoja anaendesha bodaboda, mwingine ni utingo wa malori yanayokwenda Tunduma. Wa bodaboda alikuwa na chombo kipya mfukoni. Akaniuliza, "Shekhe, hiki si sigara, ni mvuke wenye ladha tu. Kina ubaya gani?" Kabla sijamjibu, mwenzake akadakia, "Huyu anakohoa kwa sababu hajui kukiseti. Nikimfundisha hatakohoa tena."

Ndugu zangu, swali la wa kwanza ni jepesi kulijibu. Neno la wa pili ndilo lililonifanya niandike.

CHOMBO CHENYEWE KINAFANYAJE KAZI?

Wazee wanaijua koroboi. Utambi unanyonya mafuta, moto unawaka juu. Vepu inafanana na hiyo. Ina betri, ina waya mdogo unaopata moto, na ina utambi wa pamba unaonyonya kimiminika. Hakuna mwali. Waya unakichemsha kile kimiminika kinakuwa ukungu, na mtu anauvuta ule ukungu mpaka mapafuni.

Kimiminika hicho kwa kawaida kina vitu vinne: propilini glaikoli, gliserini, viungo vya ladha, na nikotini. Nikotini ni ile ile ya tumbaku wanayolima ndugu zetu wa Namtumbo na Tabora. Kubadilisha chombo hakukubadilisha nikotini.

Sasa tazama yule anayeanza anafundishwa nini.

La kwanza ni MOTO. Moto ukizidi, koo linaungua. Pamba ikikauka, anavuta ladha ya kitu kilichoungua. Basi anaambiwa apunguze moto na apumzike kati ya mvuto na mvuto. Na tuseme ukweli: moto ukipungua, kemikali kali kama fomaldehaidi nazo hupungua. Lakini mwili uliokwisha kuizoea nikotini unataka kiasi chake, kwa hiyo mtu huvuta mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi ili akipate.

La pili ni HEWA. Kuna tundu la kuongeza na kupunguza hewa. Likifunguliwa, ukungu unapoa na kuwa laini, naye anaweza kuuvuta kwa kina bila koo kumsumbua.

La tatu ni KIMIMINIKA. Nikotini ya kawaida ikiwa nyingi hukwaruza koo, na mtu mwenyewe huacha. Watengenezaji wakaichanganya na asidi, ikawa kile kinachoitwa chumvi ya nikotini. Hii ni laini kooni hata ikiwa na nguvu kubwa. Kampuni ya Juul ya Marekani ilianza kuuza ya namna hiyo mwaka 2015, yenye nguvu ya asilimia 5, na yenyewe ikaeleza kuwa kikopo kimoja kidogo kina nikotini karibu sawa na pakiti ya sigara 20. Matokeo yake? Desemba 2018 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani alitangaza kwamba vepu imekuwa janga kwa vijana wa nchi hiyo.

La nne ni LADHA. Embe, stroberi, minti. Minti hasa inalipoza koo, mtu asisikie ukali.

Yatazame tena mambo hayo manne. Lipo hata moja linaloondoa nikotini? Hakuna. Yote yanaondoa kikohozi.

KOO NI MLINZI

Mwenyezi Mungu amekuwekea mlinzi getini. Mtoto mchanga hakufundishwa na mtu kukohoa, lakini moshi ukiingia jikoni anakohoa. Mapafu yameumbwa kwa ajili ya hewa. Kikija kingine, koo linapiga kelele, macho yanatoka machozi, kichwa kinazunguka. Hiyo ni rehema ya Mola wako kwako, tena ni onyo usilolilipia hata senti.

Sasa umesikia mlinzi anapiga filimbi usiku. Mtu mwenye akili anatoka kumtazama mwizi. Wewe unakwenda kumlaza mlinzi usingizi ili mwizi aingie kwa utulivu! Kisha unasema, "Sasa nimeizoea, hainidhuru." Usichokisikia hakijaondoka. Kimenyamazishwa.

Watu wa Njombe nitawapa mfano wa nyumbani. Ulanzi unapogemwa asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anaunywa. Ukikaa ukawa mkangafu, unamwangusha mtu mzima njiani. Lakini ulanzi ukikomaa unajulikana: ladha inageuka, unakuwa mkali, anayeuonja anajua amefika wapi. Vepu ni mbaya zaidi katika hili. Inabaki na utamu wa mtogwa siku zote, huku nguvu yake ni ya mkangafu. Unajuaje umefika wapi? Unajua siku unapoikosa. Unaamka saa 10 usiku unaipapasa chini ya mto. Huna pesa ya mafuta ya pikipiki lakini ya kichupa imepatikana. Mke akikusemesha unafoka. Vijana wenyewe wanaiita arosto, na jina wamelipatia.

Ubongo wa kijana unaendelea kujengeka mpaka karibu miaka 25, na nikotini hushika mizizi upesi zaidi katika ubongo ambao bado unajengeka. Ndiyo maana anayeanza akiwa kidato cha pili anapata tabu kubwa zaidi kuacha kuliko aliyeanza ukubwani.

"LAKINI SHEKHE, NI VIUNGO VYA CHAKULA TU"

Hoja hii naisikia sana. Jibu lake ni kwamba njia ya chakula ni tumbo, na njia ya mapafu ni hewa. Vitamini E ni nzuri ukiila. Mwaka 2019 kule Marekani watu walianza kulazwa kwa ugonjwa mkali wa mapafu baada ya kuvuta vepu. Hadi Februari 2020 serikali yao ilikuwa imehesabu wagonjwa 2,807, na vifo vilivyothibitishwa ni 68. Wengi wao walikuwa wamevuta vimiminika vya bangi, na uchunguzi ukaelekea kwenye mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa humo. Kitu kile kile, mdomoni ni dawa, mapafuni ni maangamizi.

Sasa wewe uliyenunua kichupa kwenye duka la simu au stendi, nani amekuhakikishia kilichomo? Hata kilichoandikwa kwamba hakina nikotini usikiamini upesi. Australia wamepima vichupa vya namna hiyo wakakuta nikotini imo.

"MBONA UINGEREZA MADAKTARI WANAIRUHUSU?"

Tuwe waadilifu. Ni kweli, mwaka 2015 taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilisema madhara ya vepu ni machache sana kuliko ya sigara ya kawaida. Maneno hayo walikusudiwa watu wazima waliovuta sigara miaka mingi na wanatafuta njia ya kuziacha. Mzee wangu uliyevuta sigara miaka 30, ukitaka kuacha, nenda hospitali uzungumze na daktari. Hilo ni lako na daktari wako.

Lakini kijana ambaye hajawahi kuvuta hata sigara moja, hoja hiyo anaichukua ya nini? Aliyeko chini ya shimo amepewa kamba apandie. Wewe uliyesimama juu, kwenye ardhi kavu, unaishika kamba hiyo ushukie. Na Uingereza hiyo hiyo, kuanzia tarehe 1 Juni 2025, imepiga marufuku kuuza vepu za kutumia na kutupa, na moja ya sababu ni watoto.

Majirani zetu nao hawakukaa kimya. Uganda, katika sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, iliikataza sigara ya kielektroniki pamoja na shisha. Sisi hapa Serikali ilitangaza kuipiga marufuku shisha mwaka 2016, na Kenya ikafuata mwaka 2017. Shisha nayo ilikuja na maneno haya haya ya ladha na mvuke.

HUKUMU YAKE

Tumbaku ilipoingia katika miji ya Waislamu zaidi ya miaka 400 iliyopita, wanazuoni walitofautiana. Wapo walioiharamisha, wapo walioichukia, wapo walioihalalisha. Waliohalalisha hawakuwa na darubini wala hospitali za kuwaonyesha inachofanya mwilini. Leo madhara yamejulikana, na wanazuoni wengi wa zama zetu wameikataza. Kuhusu vepu yenyewe, Baraza la Fatwa la Malaysia liliiharamisha Desemba 2015, na jumuiya ya Muhammadiyah ya Indonesia ikatoa fatwa ya kuiharamisha mwaka 2020.

Msingi wao unajulikana na kila aliyekaa madrasa. Tumekatazwa kujipeleka wenyewe kwenye maangamizi. Tumekatazwa kujidhuru na kuwadhuru wengine. Tumekatazwa kufuja mali. Na msimamo wangu ni huo huo: kwa kijana asiyevuta, kuianza ni haramu, na aliyeianza analazimika kuiacha.

Na kwa waliofunga Ramadhani, sikilizeni vizuri. Usidanganywe kwamba huu ni upepo. Ni ukungu wenye chembe unazoziingiza ndani kwa kukusudia. Ukiuvuta mchana wa Ramadhani, umefungua.

TUFANYE NINI?

Wewe unayeanza, unayekohoa bado: furahi. Uko kwenye mlango ulio rahisi kuliko milango yote. Usitafute fundi wa kukirekebishia. Kiache leo, koo lako likiwa bado linasema kweli. Wala usikitupe motoni, betri yake inaweza kulipuka.

Wewe uliyekwisha kuzoea: usikate tamaa na rehema ya Mola wako. Siku za mwanzo ndizo ngumu, na kwa wengi makali hupungua baada ya wiki chache. Hamu ikija, haidumu, ni dakika chache. Kunywa maji, tia udhu, toka utembee, mpigie ndugu simu. Usikae na wanaovuta katika siku hizo. Ukishindwa, nenda kituo cha afya ukaseme wazi. Kutibiwa si aibu.

Wazazi: chombo hiki kinaweza kufanana na kalamu au flashi ya kompyuta. Ukisikia harufu ya matunda chumbani na matunda hakuna, uliza. Uliza kwa upole. Ukianza na fimbo, mtoto atajifunza kuficha tu. Na kama kuna mtoto mdogo nyumbani, fahamuni kwamba kimiminika hiki kikinywewa ni sumu, na harufu yake tamu inamwita.

Wenye maduka: ndugu yangu, Makambako ni njia panda. Wa Songea anapita, wa Mbeya anapita, wa Dar es Salaam anapita. Biashara za halali hapa hazihesabiki. Kuna viazi, kuna parachichi, kuna mbao, kuna chai, kuna nguo za baridi. Riziki yako haijafungwa kwenye kichupa cha kumuuzia mtoto wa jirani yako.

Na ninyi mnaojiita wazoefu, mnaowafundisha wenzenu kuseti: mnadhani mnawasaidia. Kumbukeni kwamba anayeonyesha njia ana fungu lake katika kila hatua ya anayeifuata. Mwenzako akikohoa mbele yako, una nafasi ya kumwambia neno moja la kumwokoa. Mwambie, "Ndugu yangu, koo lako limekataa. Lisikilize."

Ewe Mola wetu, walinde vijana wetu, wape nguvu wanaotaka kuacha, na uzitakase riziki zetu. Amin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako, huenda yupo anayejifunza usiku huu huu.