Kichanja Kwanza, Samaki Baadaye

Mwalimu atakaye kufuga samaki darasani hutafuta tangi la kioo mapema, lakini kichanja hukikumbuka mwisho. Hilo ni kosa. Tangi lenye urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kina 30, likijazwa, huwa na lita 54 za maji, yaani kilo 54, bila kuhesabu mchanga na kioo chenyewe. Kichanja kikiyumba au kikiinama, kioo hupata mkazo usio sawa na huweza kupasuka. Yafaa miguu iungwe kwa mbao za mshazari, maana pembetatu haipotoki umbo, na usawa upimwe kwa mpira angavu wenye maji, kama wafanyavyo waashi. Kazi hiyo wapewe wanafunzi wenyewe. Humo mna somo la nguvu ambalo ubao peke yake hautoshi kulifundisha.