Gari Ikichemka katika Ambuteyaji, Tusikimbilie Kufungua Moteri



Tumezoea kuwaandikia juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Leo tunaandika juu ya gari, kwa sababu mavuno ikishatoka shambani ni gari ndiyo inaibeba hadi sokoni, na nyanya haingojee mtu.

Sisi ma-agronome tunaotembelea koperative za upande wa Kabare na Walungu, tunasikia lalamiko moja kila mara: «Barabarani gari inatembea muzuri. Lakini ikiingia Bukavu, katika ambuteyaji ya Essence ao kwenye kupanda Kadutu, sindano ya moto inapanda na maji inachemka.» Kisha komite inaita mekanisie, moteri inafunguliwa, makuta inatoka katika kese, na wiki inayofuata gari inachemka tena. Maoni yetu ni haya: tunalipia kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika, na tunamkata shofa mshahara kwa kosa ambalo si lake. Hayo mawili lazima tuyaache.

Tufikiri sawa vile tunafikiri shambani. Mahindi ikiwa na majani ya manjano, mkulima mwenye akili hakimbilie kununua urea. Anaangalia kwanza: ni majani ya chini ao ya juu? Maji imetuama kwenye mizizi? Gari nayo inatoa alama. Ikiwa inachemka tu wakati imesimama ao inaenda polepole, na inapoa ikipata mwendo, alama hiyo inaonyesha upepo. Gari ikikimbia, upepo wa barabara unapita wenyewe ndani ya radiateri. Ikisimama, ni vantilatere peke yake inayovuta upepo. Basi tuanzie hapo. Gari inayochemka popote, hata ikikimbia kwenye tambarare, iko na shida nyingine.

Kwa kamioneti nyingi za mazuti, vantilatere inazungushwa na mkanda kupitia kitovu kinachoitwa visko. Zima moteri ikiwa ya moto, kisha jaribu kuzungusha mabawa kwa mkono. Ikikataa kidogo, visko iko nzima. Ikizunguka bure mara nyingi bila kizuizi, visko imekufa. Angalia pia kama mkanda umelegea. Kwa gari ndogo, vantilatere ni ya umeme: acha moteri itembee gari ikiwa imesimama hadi ipate moto, usikilize kama inaanza. Isipoanza, angalia fizibili, rele na nyaya kabla ya kununua vantilatere nyingine. Lakini usiweke mkono kwenye hiyo ya umeme: inaweza kuanza yenyewe hata moteri ikiwa imezimwa.

Pili, angalia uso wa radiateri. Barabara zetu zinaijaza matope, vumbi na majani. Ioshe kwa maji isiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa moteri kwenda inje. Kazi hiyo haiombi hata franka moja.

Tatu, kifuniko cha radiateri. Hapa sisi watu wa milima tuko na sababu ya pekee ya kuwa macho. Kule Bukavu, mita 1 500 hivi juu ya bahari, maji ya wazi inachemka karibu digri 95, si 100. Mama anayepika maharagwe anajua vile inachelewa kuiva huku juu. Sasa, termostati nyingi zinaanza kufunguka kati ya digri 82 na 88, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ndogo sana. Kifuniko kizima kinabana maji hata ipite digri 110 bila kuchemka. Kile ambacho mpira wake umekatika, ao kitambaa kilichofungwa na kamba, hakibane kitu. Kifuniko kipya kinagharimu kidogo kuliko gunia moja la viazi lililooza njiani.

Kuna mazoea mawili tunayoyapinga wazi. La kwanza ni kutoa termostati na kuitupa. Moteri inakawia kupata moto wake, inakula mazuti zaidi, na katika moteri fulani maji inazunguka bila kupitia radiateri, basi shida inaongezeka. La pili ni kujaza maji ya Ziwa Kivu. Iko na chumvi-chumvi nyingi inayoshika ndani ya mirija sawa vile inashika ndani ya birika. Likide ya radiateri ni bora; ikikosekana, maji safi ya mvua ni afadhali.

Wengine watasema: gari zetu ni za zamani, hakuna la kufanya. Ni kweli ni za zamani. Ndiyo maana hazivumilie uzembe.

Tunafika kwa shofa. Sindano ikifika kwenye nyekundu, shofa anapaswa kusimama pembeni, kuzima moteri na kungoja hata nusu saa ao zaidi. Asifungue kifuniko, juu mvuke utamchoma uso. Asimwagie moteri ya moto maji ya baridi, juu kilasi inaweza kupasuka. Lakini shofa anayejua kwamba akichelewa atakatwa mshahara, hatasimama. Ataendelea, jointi ya kilasi itaungua, moshi mweupe utatoka, mafuta ya moteri itafanana na chai ya maziwa. Hapo ndipo moteri itafunguliwa kweli, na tutakuwa tumeiharibu kwa sheria yetu wenyewe.

Tunaomba kila komite ilete mambo matatu kwenye mkutano mkuu: shofa aliyesimamisha gari juu ya moto asikatwe kitu, kila safari iache kiasi fulani katika kese ya matengenezo, na kese hiyo isiguswe kwa kazi nyingine, na ndani ya gari kuwe na daftari, ambamo shofa anaandika kila asubuhi maji iliyopungua, na siku gari imechemka, wapi na ikiwa imesimama ao inakimbia. Mekanisie akisoma daftari hiyo, ataacha kubahatisha na makuta yetu.